Je, Ni Lini Tuna Haki ya Kusema, "Imepona"?

Mafundi wetu wana neno moja wanalolipenda. Saa iliyosimama ikianza kwenda tena, au baiskeli iliyovunjika ikiweza kupakia mtu, fundi humwambia mwenye kitu, "Imepona." Neno hili ni zuri, maana limeazimwa kwa wagonjwa, nalo lamfurahisha kila alisikiaye. Walakini nataka kuwauliza wasomaji, na hasa walimu wenzangu, swali moja: mtu asemapo neno hili, asema nini hasa? Je, atoa habari ya jambo aliloliona, au atoa ahadi? Na kama ni ahadi, siku itakapovunjika ni nani atakayelipa?

Swali hili sikulipata vitabuni. Lilinijia mwaka 2023 kwa sababu ya mashine moja kuukuu ya kusafishia filamu za rangi, niliyoitoa katika ghala ya shule na kuifufua. Nami kwa neno hilo moja nilikuwa karibu kumharibia mtu kitu kisichoweza kununuliwa kwa fedha.

Kwanza yafaa nieleze mashine yenyewe, maana vijana wengi wa leo hawajapata kuiona. Ni beseni refu la plastiki lenye maji. Chini ya maji yale kipo chuma cha umeme cha kuyapasha moto, pamoja na kifaa kinachowasha na kuzima umeme ili joto lisizidi wala lisipungue. Iko pampu ndogo ya kuyazungusha maji ili joto lienee pote. Chupa za dawa husimama katika maji hayo zikipata joto, na kando yake hulazwa tangi lisilopitisha mwanga, ambalo ndani yake imo filamu. Mota hulizungusha tangi hilo likiwa limelala ubavu, mara upande huu, mara upande huu, nayo dawa hupita juu ya filamu sawasawa. Wazungu waliobuni kazi hii walitafuta mambo mawili: usawa na uchache wa matumizi. Tangi dogo la filamu moja ya milimita 35 likisimamishwa wima lataka dawa kiasi cha mililita 250. Likilazwa na kuzungushwa, mililita 140 zatosha. Kampuni mojawapo iliyojulikana sana kwa mashine za namna hii ni Jobo, ya Gummersbach katika nchi ya Ujerumani. Ilianzishwa mwaka 1923 na Johannes Bockemühl, na jina lake limetoka katika silabi za kwanza za majina yake mawili.

Pili, yafaa msomaji ajue kwa nini joto ni jambo kubwa katika kazi hii. Utaratibu wa kusafisha negativi za rangi unaotumika hata leo huitwa C-41, nao ulitolewa na Kodak mwaka 1972. Filamu ya rangi si kitu kimoja. Ina tabaka za namna tatu zilizolaliana, moja ya kupokea mwanga wa buluu, moja wa kijani, na moja mwekundu. Katika dawa ya kwanza kila tabaka hufanya rangi yake, na dawa zinazofuata huiondoa fedha iliyokuwamo, zikabaki rangi tupu. Basi dawa ile ya kwanza hukaa juu ya filamu dakika 3 na sekunde 15 tu, na joto lake sharti liwe digrii 37.8, wala lisipotoke zaidi ya sehemu kumi na tano katika mia za digrii moja. Joto likipungua, tabaka zile tatu haziendi pamoja. Moja huwa nyuma ya wenzake. Kosa hilo halisahihishwi vema baadaye, kwa maana ukiirekebisha rangi ya mahali penye mwanga, rangi ya mahali penye kivuli huharibika. Wala filamu haisafishwi mara ya pili. Alichokipiga mpiga picha hupita katika dakika zile chache mara moja tu, kikawa kizima au kikapotea.

Mashine yetu ilikuwa imelala ghalani miaka kumi na minane. Nilipoiondoa vumbi nilikuta grisi ya gia imeganda kama nta ya mshumaa, chuma cha moto kimefunikwa na chokaa ya maji, mipira ya kuzuia dawa isivuje imekauka na kupasuka, na swichi ndogo inayogeuza mzunguko imefanya kutu. Nilichomoa waya wa umeme, maana maji na umeme havimwonei mtu huruma, nikaanza kazi. Grisi niliipangusa, nikatia mpya. Chokaa niliilainisha kwa siki siku mbili. Mipira nilitafuta mingine. Swichi niliisugua. Waya wa kupeleka umeme ardhini niliutazama mara mbili. Jioni moja nikajaza maji na kuwasha. Tangi likazunguka, likasimama, likageuka, likazunguka tena. Kipimo cha joto cha mashine kikapanda polepole hata 38, taa ya moto ikazimika yenyewe. Wanafunzi waliokuwapo walipiga makofi. Nami nikasema kwa sauti kuu, "Imepona."

Siku ya tatu akaja mama mmoja, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Akatoa mkobani kikopo kidogo chenye filamu. Alisema kwamba aliikuta katika kamera ya marehemu baba yake, aliyefariki mwaka 1999, na kwamba haijapata kusafishwa. Kwa kadiri ya kukumbuka kwake, ndani yake zilikuwamo picha za arusi ya dada yake, na huenda imo na picha ya mama yao, ambaye hakuacha picha nyingine ya siku zake za mwisho. "Nimesikia mashine imepona," akasema, "basi nakuachia hii." Akaniaga akaenda zake.

Tazama, msomaji: hakuniuliza hata swali moja. Hakuuliza mashine ilikuwa na ugonjwa gani, wala niliponya nini. Neno langu lilimtosha, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake. Hiyo ndiyo amana. Naye anayepewa amana namna hii amechukua mzigo mzito kuliko aliyetoa hati mbele ya mashahidi, kwa sababu mwenye hati aweza kushitaki, lakini mwenye kuamini hana ila moyo wake.

Usiku ule nilikusudia kuifanya kazi. Nilikwisha kuchanganya dawa, na kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akiniletea maji. Akiwa amesimama mlangoni na ndoo yake akaniuliza, "Mwalimu, samahani. Filamu yako mwenyewe umekwisha kuisafisha humu?" Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba mashine inazunguka, na joto lake linaonekana pale kwenye kipimo. Akanyamaza, kama wanyamazavyo watoto wetu mkubwa anapokosa. Kimya chake ndicho kilichonizuia. Nilizima mashine, nikaifungia filamu ya yule mama katika sanduku, nikaenda kulala bila kupata usingizi.

Asubuhi nilikwenda zahanati nikaazima kipimajoto cha wagonjwa. Joto la 37.8 ni joto la mtu aliyeshikwa na homa kidogo, kwa hiyo kipimajoto kile kilitufaa sana. Nikawasha mashine, nikangoja hata kipimo chake kikasema 38. Nikapima maji karibu na chuma cha moto: 38 kamili. Nikapima upande wa pili, palipolala tangi: 35.6. Nikapima dawa ndani ya chupa: 36. Sababu yake nini? Pampu. Mabawa yake madogo yalikuwa yameshikwa na chokaa, hayazunguki hata kidogo, na maji ya moto yalikaa mahali pake kama watu wasiosalimiana. Mota niliitengeneza kwa kuwa iko juu, yaonekana kwa macho. Pampu iko chini, imefichwa na kifuniko, nami sikuifikiria.

Hapa nilijifunza jambo ambalo nadhani lina faida kwa watu wengi. Kipimo cha mashine hakikusema uongo. Kilisema kweli ya mahali pake tu. Mwongo alikuwa mimi, niliyeichukua kweli ya pembe moja nikaifanya kuwa kweli ya beseni zima. Na makosa mengi ya watu wema ni ya namna hii. Mtu huona tangi lazunguka, husema mashine ni nzima. Huona mtoto ajua kusoma kwa sauti, husema aelewa. Huona nyumba ina amani wageni wanapofika, husema ni nyumba ya amani. Hakusema alichokibuni, alisema zaidi ya alichokipima.

Basi naweza kulijibu swali la kwanza. Neno "imepona" si habari ya kilichoonekana tu. Ni ruhusa. Alisemaye humwambia mwenzake, "Sasa waweza kuweka humu kitu chako cha thamani." Kwa hiyo halipimwi kwa kile ambacho mashine ilifanya mbele ya macho yetu, bali kwa kile ambacho mtu mwingine atathubutu kufanya kwa sababu ya neno letu. Kama ningesema, "Inazunguka, na moto unawaka," ningesema kweli, na yule mama pengine angengoja.

Wako watakaosema kwamba kosa langu lilikuwa kufufua kitu kuukuu, heri ningalikiacha. Hao siwafuati. Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami naona kutupa kila kilichoharibika ni uvivu uliovaa nguo za usasa. Kufufua ni kwema. Kosa lilikuwa kutangaza kabla ya wakati.

Lakini mwenye busara aweza kunipinga kwa hoja yenye nguvu zaidi. Ataniambia, "Ikiwa kila kitu sharti kijaribiwe kabla ya kuaminiwa, utaamini lini? Filamu yako si filamu ya yule mama. Yako ni mpya, yake imekaa zaidi ya miaka ishirini. Hata ukijaribu mara mia, mara ya mia na moja yaweza kuharibika. Mwisho wake ni lazima umwamini mtu au kitu usichokijua chote. Basi majaribio yako yana kazi gani?"

Hoja hii nakubali sehemu yake kubwa. Ni kweli kwamba hakuna jaribio liondoalo hatari yote, na mtu angojaye kuwa na yakini kamili hatafanya neno lo lote maishani. Lakini swali langu halikuwa jinsi ya kuondoa hatari. Swali ni hili: hatari hiyo ichukuliwe kwanza na nani? Nami najibu kwamba ichukuliwe kwanza na yule anayesema, "Imepona." Jaribio lifanywe kwa mali ya fundi, si kwa mali ya mwenye amana. Kama singekuwa tayari kuweka filamu yangu katika tangi lile, sikuwa na haki ya kuipokea ya mwenzangu.

Ndivyo nilivyofanya. Niliifungua pampu, nikaisafisha, nikapima tena hata maji yakawa na joto moja kila mahali. Kisha nikanunua filamu tatu. Nilitundika kwenye ukuta wa darasa kitambaa cheupe, kitambaa cheusi, na karatasi ya kijivu, nikavipiga picha juani na kivulini. Filamu ya kwanza ilitoka na mistari ubavuni mwake. Nikatazama tena, nikaona ile swichi ya kugeuza mzunguko mara nyingine yanata, na tangi likaendelea kwenda upande mmoja tu. Kama ningalianza na filamu ya yule mama, mistari ile ingalikuwa juu ya uso wa bibi arusi. Nikabadili swichi. Filamu ya pili ilitoka safi: kitambaa cheupe kilikuwa cheupe juani na kivulini, na karatasi ya kijivu haikuelekea rangi yo yote. Ya tatu vivyo hivyo. Filamu hizo pamoja na dawa zake zilinigharimu fedha nisizopenda kuzitaja mbele ya mke wangu. Lakini sasa nilikuwa nimelipia neno langu.

Sasa na tuiache mashine kidogo tumtazame mwanadamu, maana kwake swali hili ni kali zaidi. Tuseme yuko mtunza fedha wa chama kijijini aliyekula akiba ya wenzake. Akafunuliwa, akaadhibiwa, akazirudisha fedha, akatubu mbele ya watu. Je, tumrudishie ufunguo wa sanduku? Wako wasemao, "Hata milele." Hao wamemtupa mtu kama chombo kilichovunjika. Na wako wasemao, "Leo leo, kwa kuwa ametubu, na kusamehe ni wajibu wetu." Hawa huonekana wema kuliko wale wa kwanza, lakini tuwaulize: sanduku lile lina fedha za nani? Kama ni akiba ya wajane na wakulima, basi wema wao ni ukarimu kwa mali ya watu. Kusamehe ni kazi ya moyo wangu, nami naweza kuifanya leo. Kuweka akiba ya jirani yangu katika hatari ni jambo jingine, wala sina haki ya kulifanya kwa jina la huruma. Asemaye, "Huyu amepona," na aanze yeye: ampe kwanza kusimamia duka lake, au shamba lake, au ng'ombe wake. Akifanya hivyo, watu wote watajua kwamba neno lake lina uzito.

Walakini mtu si mashine, na hapa yatupasa tuwe waangalifu. Mashine haijui kwamba inajaribiwa, wala haiumizwi na shaka yetu. Mtu hujua, naye huumia. Nilipata kusikia juu ya mwalimu mmoja aliyeacha shilingi juu ya meza makusudi, akajificha nyuma ya dirisha, ili aone kama mvulana aliyewahi kuiba ataichukua. Hilo si jaribio, ni mtego. Nao hauonyeshi kama mtoto amepona, waonyesha tu kwamba mwalimu wake anangoja aanguke. Mtu ajaribiwe kwa kazi ndogo iliyo ya kweli, aambiwe wazi kwamba hesabu yake itatazamwa, na itazamwe mbele yake kama zitazamwavyo hesabu za wengine.

Tena iko tofauti nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Mashine haiponi kwa kuaminiwa. Hata ningaliiamini mwaka mzima, pampu ile isingalizunguka. Lakini mtu, pengine, kuaminiwa ndiyo sehemu ya mwisho ya dawa yake. Mtunza fedha yule hawezi kupona kwanza kabisa, halafu ndipo aaminiwe. Hupona katika kuaminiwa kwenyewe, kidogo leo, zaidi kidogo kesho. Kwa hiyo amnyimaye mwenzake kila amana hamngoji apone, amzuia kupona. Ndiyo maana nasema ni wajibu wa rafiki kutanguliza mali yake mwenyewe: si kwa kuwalinda wengine tu, bali kwa kumpa aliyeanguka mahali pa kusimama.

Yabaki habari ya ile filamu. Nilimwita yule mama nikamweleza yote. Nilimwambia kwamba nilitangaza upesi, nikamwomba radhi. Nikamwambia pia kwamba picha iliyomo katika filamu isiyosafishwa hufifia kwa miaka, na joto la nchi yetu huiharaka kufifia, kwa hiyo huenda asipate kitu. Alikaa kimya kitambo, akasema, "Endelea, Mwalimu." Tuliifanya kazi pamoja, yeye mwenyewe ndiye aliyeshika saa.

Katika picha 36, zilionekana 11. Rangi zake zimechakaa, chembe zake ni nene kama mchanga. Arusi imo. Katika moja yuko bibi mzee ameketi karibu na masufuria, ameugeuza uso nusu. Mama yule aliitazama negativi ile kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu, wala hakuniambia ni nani, nami sikuuliza. Zile 25 nyingine zimeliwa na miaka, si na mashine yetu. Nami nasema hivyo bila kujidanganya, kwa sababu ya zile filamu tatu za vitambaa na karatasi ya kijivu ambazo hazina thamani kwa mtu awaye yote.

Basi, ndugu zangu walimu, kila mwisho wa mwaka twaandika katika vyeti vya wanafunzi maneno kama "amebadilika" na "aweza kutegemewa." Waajiri na wazazi huyasoma maneno hayo, nao hawatuulizi swali, kama yule mama asivyoniuliza. Kabla ya kuandika, na tujiulize lile swali la mtoto wa ndoo: je, mimi mwenyewe nimekwisha kumkabidhi nini? Kama hatujamkabidhi kitu, tuandike tulichokiona tu, wala tusizidishe. Na muhula ujao tumpe ufunguo wa kabati ya vitabu.